Mama Aliishia Wapi

Fundi alikaza nati ya mwisho kwenye betri mpya, akafuta mikono kwa kitambaa, akaniambia niwashe. Redio ya gari la mama ikawaka taa zake za bluu. Saa ikaonyesha 0:00. Kutoka kwenye kisanduku kidogo karibu na usukani, sauti ya mwanamke wa Kijapani ikasema maneno yake yaleyale ya siku zote. Kisha wimbo namba 1 ukaanza, tangu mwanzo kabisa, gitaa likiingia peke yake. Fundi akatabasamu, kwake hiyo ilikuwa ishara kwamba umeme unafika kila panapotakiwa. Mimi nilibaki na mikono juu ya usukani. Huo haukuwa wimbo niliokuwa nikiusubiri, na niliokuwa nikiusubiri sikuujua. Ndiyo maana nilikuwa nikiusubiri.

Redio ya gari ina nyaya mbili za moto. Mwekundu hupata umeme pale tu unapozungusha ufunguo. Wa njano hupata umeme wa betri usiku na mchana, gari likiwa limezimwa na mwenyewe amelala. Kazi ya huo wa njano ni kumbukumbu: saa, stesheni, kiwango cha sauti, na mahali wimbo ulipokatikia. Kwa sababu yake mtu anaweza kuzima gari sokoni katikati ya ubeti, akanunua nazi na mchicha, akarudi na kikapu chake, na ubeti ukaendelea kutoka neno lilelile kana kwamba mwimbaji alikuwa amemeza mate tu.

Kwa hiyo kulikuwa na jambo moja ambalo redio ile ililijua na sisi hatukulijua. Jioni ya mwisho mama alirudi kutoka Tanga mjini, akaegesha gari uani pale Muheza, akalizima, akaingia ndani kuswali magharibi. Usiku uleule hali yake ikabadilika. Alipelekwa hospitali kwa gari la jirani, na siku tatu baadaye tukamrudisha kwa njia ambayo kila mtu anaijua. Alipozima gari jioni ile, kuna wimbo uliokatikia njiani. Ulikuwa upi, na ulikuwa umefika wapi? Kwa majuma kadhaa, huku sisi tukipokea wageni, tukisoma hitima, tukigawana vyombo vya kurudisha kwa majirani, jibu lilikuwa limekaa pale uani mwendo wa hatua 20 kutoka kwenye jamvi letu, likilindwa na waya mmoja wa njano. Ilihitajika mtu mmoja tu azungushe ufunguo.

Hakuna aliyeuzungusha. Baada ya arobaini tulikaa watoto wote watatu, na suala la gari lilipoguswa dada akasema, "Liacheni kwanza." Tulishukuru kwamba amesema yeye. Hakuna aliyetaka kukikalia kiti, kukisogeza nyuma kile kiti ambacho mama alikivuta mbele kabisa kwa ufupi wake, kuhamisha miwani yake ya kusomea iliyokuwa kwenye kijitundu cha kuwekea chenji. Tukafunga vioo, tukafunga milango, ufunguo ukatundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake. Miezi 9. Tulidhani tunalihifadhi.

*

Lile gari lilikuwa Vitz, alilolinunua kwa kiinua mgongo chake. Alikuwa amefundisha shule ya msingi maisha yake yote, akastaafu na miaka 60, na katika umri ambao wenzake walikuwa wakijenga vibaraza vya kukalia, yeye akaenda kujifunza udereva. Lilikuja kutoka Japani na redio yake ya Kijapani, na hapo akakutana na tatizo ambalo maelfu ya wenye magari huku kwetu wamekutana nalo. Redio za FM za Japani zilitengenezwa kwa mawimbi ya kuanzia 76 hadi 90, na stesheni zetu zinakaa kati ya 88 na 108. Unazungusha, unazungusha, unafika 90 na ukuta uko pale. Nyuma yake yako matangazo yote unayoyataka, taarifa ya habari, salamu, mpira, na redio yako haiwezi kuyafikia. Fundi akamfungia redio nyingine yenye tundu la flashi, na ingawa sasa angeweza kupata stesheni zote, alikuwa ameshaonja raha ya kuchagua mwenyewe. Hakurudi tena kwenye matangazo isipokuwa saa za habari.

Kilichobaki cha Japani kilikuwa kile kisanduku. Ni mashine ya kulipia barabara za kule kwao. Kila gari likiwashwa inamkumbusha dereva kwamba hajaweka kadi. Mama hakuwahi kuambiwa hivyo. Alisikia sauti ya binti mwenye adabu ikimsemesha kila asubuhi, na kila asubuhi aliitikia, "Marahaba, mwanangu," ndipo akaweka gia. Nilipokuja kujua maana ya yale maneno sikumwambia.

Na flashi. Ilikuwa nyekundu, fupi kama kifundo cha kidole gumba, na haikuwahi kuchomolewa ila kwa safari moja ya kila mwezi. Nilipoichomeka kwenye kompyuta kwa mara ya kwanza, jina lake lilijitokeza: MAMA MWALIM. Kijana anayeuza nyimbo kwenye kibanda cha stendi ndiye aliyeiandika hivyo ili isichanganyike na flashi za wateja wengine. Alikuwa anataka kuandika Mama Mwalimu, lakini aina ile ya flashi inapokea jina la herufi 11 tu, nafasi ya kati ikihesabiwa, na herufi ya mwisho haikuingia. Nimeitazama ile M ya mwisho mara nyingi. Ni kama mtu aliyemwita akiwa ameshageuka kona.

*

Watu wanaposema "si utazipata tu nyimbo hizo," wanasema kweli nusu. Za Shakila zipo. Za Atomic na Jamhuri Jazz zipo, za Black Star na Lucky Star pia, bendi na vikundi vilivyoifanya Tanga isikike mbali kuliko ukubwa wake. Za Mbaraka Mwinshehe zipo kila kona, ingawa yeye mwenyewe barabara ilimchukua kule Mombasa mwaka 1979. Lakini nyimbo za zamani hazikufika kwenye flashi kwa mguu mmoja. Nyingi zilirekodiwa kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, kwenye tepu kubwa za kuzungushwa, kwa sababu ndiyo iliyokuwa redio ya nchi na bendi zilipanga foleni kuingia humo. Zikarushwa hewani. Mtu fulani mahali fulani akaweka kinasa sauti mbele ya redio yake, akawanyamazisha watoto, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Kaseti ikaazimwa, ikanakiliwa, ikaja kuingizwa kwenye CD, na CD ikageuzwa kuwa faili za MP3, mpaka zikafika kwa kijana wa stendi.

Kila ulipovuka mto, wimbo uliacha kitu ng'ambo. MP3 yenyewe imejengwa juu ya kuacha. Wahandisi waliotengeneza mfumo ule, wengi wao kwenye taasisi ya Fraunhofer huko Ujerumani, walichunguza sikio la binadamu linashindwa kusikia nini: sauti ndogo iliyofunikwa na kubwa, mnong'ono unaofuata mara tu baada ya kishindo. Vile sikio lisivyovisikia, faili haivibebi. Ndipo wimbo uliokuwa mzigo ukawa mwepesi kiasi cha mamia kuingia kwenye kitu cha ukubwa wa kifundo cha kidole.

Lakini vingine vilinusurika pasipotarajiwa. Katika wimbo mmoja wa taarabu kwenye flashi ya mama, mara baada ya ubeti wa pili, jogoo anawika. Si sehemu ya wimbo. Ni jogoo wa nyumba ya yule aliyekuwa ameshika kinasa sauti, nyumba ambayo sitaijua kamwe, asubuhi au alasiri fulani ya miaka mingi iliyopita. Mama alikuwa akimsubiri. Ubeti ukiisha aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, jogoo akawika, kidole kikashuka. Nimeutafuta wimbo huo kwenye intaneti na kuupata, msafi, umeng'arishwa, kila ala mahali pake. Jogoo hayumo, na mimi siwezi kuusikiliza hadi mwisho.

*

Mwezi wa 9 tangu tulifunge gari, dada alisema litaoza. Nikaenda Muheza, nikanunua betri, nikamwita fundi, na yakawa yale niliyoanza nayo. Betri ya zamani ilikuwa imekufa kabisa; lini hasa, hakuna ajuaye. Huenda ilihimili mwezi, huenda miwili, ikiuchirizia ule waya wa njano kilichobaki tumboni mwake, mpaka ikaishiwa. Hapo redio ikasahau. Hakuna aliyekuwepo, na hakuna kilichosikika.

Niliendesha kuelekea Tanga siku ile nikidhani hasara imekwisha hapo. Kabla sijafika Pongwe, wimbo namba 6 ukaanza kukwama. Ulirukaruka, ukanyamaza, ukaendelea mbele zaidi. Namba 14 haukuimba kabisa, redio iliuruka. Jioni ile nikaichomoa flashi, nikaiona ilivyopauka upande uliokuwa ukitazama kioo cha mbele.

Ndani ya flashi hakuna kinachozunguka. Kuna vyumba vidogo mno vilivyozungushiwa ukuta usiopitisha umeme, na katika baadhi ya vyumba zimefungiwa elektroni. Wimbo mzima ni mpangilio wa vyumba vyenye wafungwa na vyumba vitupu. Lakini ukuta huo huvuja. Elektroni hutoroka polepole, kwa miaka, na joto huziharakisha. Sisi tuliiacha flashi ndani ya gari lililofungwa vioo, chini ya jua la Muheza, tangu kiangazi hadi masika na kupita masika, kwa sababu hatukutaka kugusa kitu chake. Nimejaribu kulisema jambo hili kwa namna nyepesi kuliko hii na sijaweza: kutoigusa kwetu ndiko kulikoimaliza.

Nilisoma baadaye kwamba kumbukumbu ya aina hii ilitambulishwa mwaka 1984 na Fujio Masuoka, mhandisi wa kampuni ya Toshiba, na kwamba jina lake lilipendekezwa na mwenzake, Shoji Ariizumi. Nilidhani wataniambia liliitwa flashi kwa kasi yake au kwa udogo wake. Sivyo. Namna ilivyofutika, data nyingi kwa mkupuo mmoja, ilimkumbusha Ariizumi mmweko wa taa ya kamera. Kitu ambacho sisi tunakiweka shingoni, mfukoni, kwenye mnyororo wa funguo, tukiamini kimetushikia vya thamani, kilibatizwa kwa jinsi kinavyofuta.

Usiku ule nilifanya haraka ya mtu anayetoa vyombo kwenye nyumba inayoungua. Nilihamisha kila kilichokubali kuhama, kutoka flashi hadi kompyuta, na kesho yake kutoka kompyuta hadi flashi mpya. Kati ya nyimbo 114, 105 zilikubali. Juma lile halijaisha, flashi nyekundu ikakataa kufunguka kabisa. Kompyuta ikaniuliza kama nataka kuifomati. Nikajibu hapana, ikauliza tena, nikaichomoa.

*

Flashi mpya niliichomeka kwenye redio ya mama siku ya Ijumaa, nikatoka nayo barabarani. Wimbo wa Shakila ukafika mwisho. Ukaja ule ukimya mfupi wa kati ya wimbo na wimbo, na midomo yangu, bila kuniuliza, ikaanza kuimba kaswida. Redio ikapiga kitu kingine. Nikadhani nimekosea. Wimbo huo nao ukaisha, midomo ikaanza cha kwake, redio ikaanza cha kwake. Nilipofika Pongwe niliegesha pembeni kwa sababu nilikuwa sioni barabara.

Nikaenda kwa kijana wa stendi. Aliniamkia, akanipa pole, akauliza flashi ya Mwalimu iko wapi. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akanifafanulia kama anayemfundisha mtu kazi.

"Redio hii haijui alfabeti, dada. Inafuata nani alitangulia kuingia. Wewe umepitishia kwenye kompyuta, kompyuta ikazipanga kwa majina yake, ndiyo maana zimekuja A, B, D. Mpango wa Mwalimu ulikuwa kwenye flashi yake tu."

"Ulikuwa mpango gani?"

"Wa siku. Watu wengine nawajazia nyimbo 500 kwa mkupuo, wanaondoka. Mwalimu alikuwa haji hivyo. Akishachukua pensheni anapita hapa, anakaa kwenye hilo benchi, anachagua mmoja. Akifurahi sana, wawili. Nikimwambia mama nikujazie, anasema, mwanangu, nikishakuwa nao wote nitakuja kufanya nini huku?"

Hesabu yake inakubali: miaka 6 na miezi kadhaa, nyimbo 114. Mama hakuwahi kuandika shajara. Alikuwa na daftari la madeni ya duka na barua za wajukuu, basi. Kumbe alikuwa akiandika, mwezi kwa mwezi, kwa nyimbo za watu wengine, na redio ikimsomea kwa mfuatano uleule alioishi. Kaswida nne zilizofuatana bila muziki mwingine katikati, ambazo sisi abiria tulizichukulia kama bahati tu ya redio, zilikuwa miezi baada ya baba kufariki. Ule mpasuko wa dansi uliokuja baada yake, wa kushtua, ulikuwa ni mwezi alipozaliwa mtoto wa mdogo wangu. Hata tarehe zilikuwemo, kijana aliniambia. Kila faili lilipoingia, kwenye flashi iliandikwa siku na saa. Nilipohamisha, tarehe hizo zikabadilika kuwa za usiku wangu wa haraka, zote usiku mmoja, dakika chache kati ya ya kwanza na ya mwisho.

Nimezifikiria sana zile nyimbo 105. Zote zipo. Ukinipa jina nitakupigia sasa hivi. Na bado nikiziwasha nasikia kama shule iliyokusanya wanafunzi wake wote uwanjani wakiwa wamechanganyika, wa darasa la kwanza na wa la saba, kila mtoto yupo na hakuna darasa hata moja. Mama asingevumilia dakika mbili. Angepiga filimbi.

*

Lakini midomo yangu ilikuwa inajua. Hilo ndilo ninalolishika. Mtu aliyesikia nyimbo kwa mfuatano mmoja mara nyingi, mwisho wa mmoja humwimbia mwanzo wa mwingine, sikio linatangulia. Nilimpigia simu dada Mombasa nikamwambia afumbe macho. Nikampigia sekunde 20 za mwisho za ule wimbo wenye jogoo, nikauzima. Kimya. Kisha kutoka upande wa pili wa simu dada akaanza kuimba wa Jamhuri Jazz, taratibu, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu msiba.

Mdogo wetu yuko Dodoma na alisafiri na mama mara chache kuliko sisi, lakini anakumbuka vipande ambavyo hatuna, kwa sababu alikuwa akikaa kiti cha mbele na kazi yake ilikuwa kupunguza sauti wakipita karibu na msikiti. Anajua nyimbo zipi zilipunguzwa. Sisi tulikuwa nyuma tukipiga soga. Namlaumu mtu wa kiti cha nyuma niliyekuwa, aliyekuwa na mama mbele yake umbali wa mkono na akashughulika na simu.

Tumefika 41. Kuna minyororo mirefu ya nyimbo saba au nane tunayoiapia wote watatu, na kuna vipande vya nyimbo mbili mbili ambavyo hatujui tuvifunge wapi. Zile 9 zilizokufa ndizo zinazotusumbua, maana zilikuwa madaraja; mwisho wa wimbo unaofuatwa na mfu hauimbi chochote, sikio linafika pale na kukwama. Namba 14 tumeuacha wazi. Nimeweka mahali pake faili lenye ukimya wa dakika tatu. Dada alisema ni afadhali hivyo kuliko kuziunganisha kana kwamba hakukuwa na mtu katikati.

Na wimbo wa jioni ile siuulizi tena kwa sauti, lakini kila ninapolizima gari nasikiliza ulipokatikia. Siku hizi hukaa kidogo na ufunguo mkononi kabla sijashuka.

Juzi, saa sita usiku, dada alinitumia ujumbe wa sauti. Alikuwa ananong'ona ili asiwaamshe watoto. "Nimeupata wa 19. Si ule wa Atomic tuliouweka. Kabla ya ule kulikuwa na kaswida ya watoto, ile fupi, mama alikuwa anaigonga kwa kucha kwenye usukani. Iweke pale."

Huwezi kuchomeka wimbo katikati. Redio inafuata nani alitangulia, kwa hiyo ukitaka kumpisha mmoja, waliomfuata wote hutoka na kuingia upya. Nikafungua kompyuta, nikaitafuta kaswida, nikaikuta. Nikazifuta zote kuanzia 19 hadi 41, nikaanza kuzirudisha mmoja mmoja, nikisubiri kila mmoja umalize kuingia ndipo nichukue unaofuata.